Kaizari Kasorobo na Kuanguka kwa Dola ya Rumi ya Mashariki

Ndugu msomaji, ikiwa umelelewa pwani, au umepata kuketi pamoja na wazee wanaohifadhi tenzi za kale, jina la Herekali si geni masikioni mwako. Ndiye mfalme wa Rumi atajwaye katika Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ambao Mwengo bin Athumani aliutunga huko Pate mwaka 1728. Utendi huo wenye beti zaidi ya elfu moja wasimulia vita baina ya Waislamu na majeshi ya mfalme huyo. Naye aliyesoma Kurani aifahamu Sura ya thelathini, Surat Rum, iwatajayo Warumi walioshindwa ambao wangeshinda tena baada ya miaka michache.

Je, Warumi hao walikuwa nani? Shuleni tulifundishwa kwamba kaizari wa mwisho wa magharibi aliondolewa mwaka 476. Herekali, ambaye kwao aliitwa Heraclius, alikalia kiti mwaka 610. Yawezekanaje basi mtu kuwa mfalme wa Rumi zaidi ya miaka mia moja na thelathini baada ya Rumi kuanguka?

Jibu ni kwamba nusu moja tu ndiyo iliyoanguka. Nusu ya mashariki iliendelea kuishi, nayo iliishi hadi mwaka 1453. Wenyewe walijiita Warumi mpaka siku ya mwisho, ingawa walisema Kigiriki. Jina la Byzantium, ambalo twalikuta katika vitabu vya siku hizi, walipewa na wanazuoni wa Ulaya baada ya dola yao kwisha kutoweka.

Dola iliyodumu zaidi ya miaka 1,100 yastahili kuulizwa maswali mawili. La kwanza, ilisimamaje muda wote huo? La pili, iliangukaje? Wengi hujibu swali la pili kwa kutaja mizinga ya Waturuki. Jibu hilo ni la kweli, bali si kamili. Hebu tuifuate habari hii tangu mwanzo, nawe utaona kwamba mambo yaliyoiinua na kuiangusha dola hiyo ni yale yale yanayozungumzwa jioni katika kila nyumba: thamani ya fedha, bei ya mkate, na nani anamiliki shamba.

MJI WA CONSTANTINE

Tarehe 11 Mei, mwaka 330, Kaizari Constantine alizindua mji mkuu mpya mahali palipokuwa na mji mdogo wa Kigiriki ulioitwa Byzantion. Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili. Ulaya na Asia hukaribiana hapo, zikitenganishwa na mlangobahari mwembamba wa Bosporus. Kusini mwa mji ipo Bahari ya Marmara, na kaskazini ipo hori ndefu iitwayo Pembe ya Dhahabu, bandari iliyofichika dhidi ya mawimbi. Kila jahazi lililotoka Bahari Nyeusi kwenda Mediterania lilipita mlangoni pake. Mji huo uliitwa Constantinople, nao leo ni Istanbul katika Uturuki.

Upande wa nchi kavu ndio pekee uliokuwa wazi. Mwaka 413 ulikamilishwa ukuta mkubwa, na mwaka 447, tetemeko la ardhi lilipoubomoa, wakazi wenyewe waliujenga upya kwa muda wa miezi miwili hivi, maana jeshi la Attila lilikuwa njiani. Hatimaye palikuwa na handaki pana, kisha ukuta wa nje, kisha ukuta wa ndani wenye kimo cha mita 12 na minara 96. Kwa miaka elfu moja hakuna adui aliyeuvunja ukuta huo na kuingia.

Walakini ukuta haumlishi mtu. Ngano ilitoka Misri kwa merikebu, na tangu mwaka 332 serikali iligawa mkate bure mjini, posho 80,000 kwa siku.

Aidha, palikuwa na fedha. Constantine alipiga sarafu ya dhahabu safi yenye uzito wa gramu nne na nusu hivi. Ratili moja ya dhahabu ya Kirumi ilitoa sarafu 72. Makaizari waliomfuata walibadili dini, sheria na mipaka, lakini kwa takriban miaka mia saba hawakuthubutu kuichezea sarafu hiyo. Cosmas, mfanya biashara wa Alexandria wa karne ya 6 aliyepata kufika Adulis, bandari ya dola ya Aksum katika Eritrea ya leo, aliandika kwa fahari kwamba mataifa yote hufanya biashara kwa fedha ya Warumi. Askari aliyelipwa kwayo alijua kwamba mwanawe ataweza kuitumia.

JUSTINIAN NA THEODORA

Kaizari aliyeipatia dola hiyo sifa kubwa kuliko wote alikuwa Justinian, aliyetawala tangu mwaka 527 hadi 565. Yeye alikuwa mtoto wa ukoo wa wakulima. Mkewe, Theodora, alikuwa binti wa mtunza dubu katika uwanja wa michezo, na mwenyewe alipata kuwa mchezaji wa jukwaani. Hao wawili ndio waliovaa zambarau ya kifalme.

Mwezi wa Januari mwaka 532 nusura waivue. Wakazi wa mji waligawanyika makundi mawili ya ushabiki wa mbio za magari ya farasi, Samawati na Kijani, wakichukiana kiasi ambacho wapenzi wa Simba na Yanga hawatakistaajabia. Siku moja, kwa uchungu wa kodi nzito, makundi hayo yaliungana. Mji ulichomwa moto, na Justinian akawa tayari kukimbia kwa merikebu. Mwanahistoria Procopius aeleza kwamba ni Theodora aliyekataa kuondoka, akisema kwamba afadhali kufa mtu akiwa mtawala. Jeshi likaingia uwanjani na kuua watu wapatao 30,000. Utukufu wa zama hizo, msomaji, ulijengwa juu ya damu hiyo.

Juu ya majivu ya kanisa lililoungua, Justinian alijenga Hagia Sophia, yaani Hekima Takatifu. Kazi hiyo ilimalizika kwa muda usiotimia miaka sita, na kanisa lilizinduliwa tarehe 27 Desemba 537. Kuba lake, lenye upana wa mita 31 hivi, laonekana kana kwamba limening'inizwa kutoka mbinguni. Aliagiza pia sheria zote za Kirumi zikusanywe na kupangwa. Kazi hiyo ndiyo msingi wa sheria za nchi nyingi za Ulaya hata leo. Majeshi yake yaliteka tena Afrika ya Kaskazini na Italia.

Lakini mwaka 541 tauni iliingia kupitia Misri. Mwaka uliofuata ilifika mji mkuu, ikaua watu hata mahali pa kuzikia pakakosekana. Dola ilibaki na mipaka mirefu na watu wachache wa kuilinda.

HEREKALI: USHINDI NA HASARA

Sasa tumrudie Herekali wetu. Alipokalia kiti, Waajemi walikuwa wameingia ndani ya dola. Waliuteka mji wa Jerusalem mwaka 614, kisha wakaichukua Misri, ghala la ngano. Mwaka 618 ugawaji wa mkate wa bure ulikoma, nao haukurudi tena. Herekali alikopa dhahabu na fedha za makanisa, akaziyeyusha kuwa sarafu, akaliongoza jeshi mwenyewe. Mwezi wa Desemba 627 aliwashinda Waajemi karibu na Nineveh. Warumi walioshindwa walikuwa wameshinda.

Furaha haikudumu. Madola yale mawili yalikuwa yamechoshana kama mabondia wa raundi ya mwisho, na sasa jeshi jipya la Waarabu Waislamu lilitokea kusini. Mwaka 636, kwenye mto Yarmuk, jeshi la Herekali lilivunjwa. Shamu ilikwenda, Jerusalem ikaenda, na mwaka 642 Alexandria nayo ikaenda. Herekali alifariki mwaka 641 akiwa ameshuhudia sehemu kubwa ya kazi ya maisha yake ikipotea.

Kwa kawaida dola iliyopoteza kiasi hicho hufa. Hii haikufa. Ilikuwa na ukuta. Ilikuwa na moto wa ajabu uliobuniwa na Kallinikos, fundi aliyekimbia kutoka Shamu, ambao ulirushwa kwa mirija na kuwaka hata juu ya maji. Ilikuwa na sarafu yake. Zaidi ya hayo, ilijifunza kuishi kwa kidogo. Nchi iligawanywa majimbo, na hatimaye askari wengi wa majimbo hayo wakawa watu wenye mashamba. Mtu aliyelinda mpaka alilinda pia zizi na kisima chake. Jeshi la namna hiyo halihitaji kuhubiriwa uzalendo.

SHERIA YA SHAMBA

Adui wa mkulima huyo hakutoka nje. Katika majira ya baridi ya mwaka 927 na 928 ardhi iliganda kwa siku 120. Mazao yalikufa, njaa ikaingia, na matajiri wakanunua mashamba ya maskini kwa vibaba vya nafaka. Serikali iliona hatari. Mwaka 934 Kaizari Romanos wa Kwanza alitoa sheria kwamba shamba lililonunuliwa kwa bei isiyofika nusu ya thamani yake lirudishwe bila fidia. Hoja yake ilikuwa dhahiri: mkulima mdogo ndiye alipaye kodi na ndiye atoaye askari, akitoweka yeye, dola nayo itatoweka.

Aliyeisimamia hoja hiyo kwa mkono wa chuma alikuwa Basil wa Pili, aliyefariki mwaka 1025. Hakuwa mtu mpole, na Wabulgaria aliowatiisha mwaka 1018 hawakusahau ukatili wake. Lakini mwaka 996 alitamka kwamba mkubwa aliyenyakua shamba la maskini hawezi kujitetea kwa kusema amelikalia miaka arobaini. Katika sheria hiyo hiyo amesimulia habari za mtu aitwaye Philokales, aliyezaliwa mkulima wa kawaida, akapata cheo, kisha akameza kijiji chake chote. Basil alipopita huko aliamuru majumba ya mtu huyo yabomolewe, ardhi irudishwe kwa wenyewe, na Philokales arudi kushika jembe. Aliagiza pia kwamba mkulima maskini akishindwa kulipa kodi, jirani yake tajiri amlipie.

Basil hakuacha mtoto, bali aliacha hazina iliyojaa, ratili 200,000 za dhahabu kwa hesabu ya mwandishi Psellos. Wakati huo dola ilienea tangu Italia ya kusini hadi milima ya Armenia, na Urusi ya kale ilikuwa imeupokea Ukristo kutoka kwake tangu mwaka 988.

Baada ya kifo chake haikupita hata miaka mitano kabla matajiri hawajaomba waondolewe mzigo wa kodi za maskini. Wakaondolewa.

KASOROBO

Hapa ndipo ufa ulipoanza. Mashamba yalimezwa, askari wakulima wakapungua, na dola ikalazimika kuajiri askari wa kigeni. Askari wa kigeni hutaka fedha taslimu. Fedha ilipopungua, makaizari wa karne ya 11 walifanya jambo ambalo wazee wao hawakuthubutu kulifanya: walichanganya dhahabu na madini duni. Sarafu ilibaki na sura ya kaizari na ya Kristo, lakini uzuri wake ulikuwa wa juu tu.

Mwezi wa Agosti 1071, huko Manzikert, Waturuki wa Seljuk walilishinda jeshi la Kaizari Romanos wa Nne na kumteka mwenyewe. Wakubwa wa mji mkuu, badala ya kuilinda nchi, walipigania kiti kilichoachwa wazi. Katika miaka michache Asia Ndogo, kitovu cha ngano na cha askari, ikapotea kwa sehemu kubwa.

Aliyekalia kiti alikuwa Michael wa Saba. Waziri wake aliwalazimisha wakulima wa Thrace wapeleke ngano yao katika ghala moja la serikali huko Rhaidestos. Bei ikapanda, na watu wa mji, wakiwa na sarafu isiyo na thamani mkononi, wakaona kwamba kipimo cha ngano walichozoea kukinunua sasa kimepunguka robo. Basi wakampa kaizari wao jina la utani, Parapinakes, ambalo kwa Kiswahili hatulitendei dhuluma tukilitafsiri Kasorobo. Ghala lile walilibomoa. Mwaka 1078 Kasorobo aliacha ufalme akaenda kuwa mtawa. Ilipofika miaka ya 1090 sarafu ya zamani ilikuwa karibu haina dhahabu ndani yake, ikabidi Kaizari Alexios apige sarafu mpya.

Alexios huyo alikuwa hodari, bali hakuwa na manowari. Akawaomba msaada Wavenice wa Italia, na katika miaka ya 1080 akawalipa kwa hati: wafanye biashara ndani ya dola bila kulipa ushuru. Mfanya biashara Mrumi aliendelea kulipa asilimia kumi. Polepole jahazi likawa la mgeni, bandari ikawa ya mgeni, faida ikawa ya mgeni. Chuki ikakua, na mwaka 1182 watu wa Constantinople waliwaua kikatili Walatini waliokaa mjini mwao.

WAKRISTO DHIDI YA WAKRISTO

Mwaka 1201 wakuu wa Vita vya Msalaba vya Nne walikubaliana na Venice wachukuliwe watu 33,500 kwa malipo ya marki 85,000 za fedha. Watu waliofika hawakuzidi sana theluthi moja ya hao. Deni likawashinda. Ndipo alipojitokeza mwanamfalme aliyetoroka Constantinople, akaahidi marki 200,000 endapo watamrudishia baba yake kiti. Walimrudishia, naye hakuwa na fedha za kuwalipa.

Kwa hiyo, tarehe 13 Aprili 1204, askari waliovaa alama ya msalaba waliuteka mji mkubwa kuliko yote ya Kikristo, na kwa siku tatu wakaupora. Hawakupitia ukuta mkuu, bali ukuta dhaifu wa upande wa bandari. Farasi wanne waliosubuliwa kwa shaba walichukuliwa Venice, nao wapo huko hadi leo.

Mwanahistoria Niketas Choniates, aliyekuwa afisa mkubwa wa serikali, ameandika jinsi alivyotoroka na familia yake. Mvenice mmoja, muuza mvinyo aliyekuwa rafiki yake, alijivika silaha na kujifanya kwamba amewateka, ili wengine wasiwaguse. Siku chache baadaye walitoka mjini kwa miguu katikati ya baridi, watoto wakibebwa mabegani, mkewe akiwa karibu kujifungua, na wasichana wakiwa wamepaka matope usoni ili wasitamaniwe. Mmoja wao alinyakuliwa njiani, na Niketas aliwasihi askari wengine mpaka wakamrudisha. Tukisoma habari za kuanguka kwa madola, tuwakumbuke hao waliotembea.

Mwaka 2001, akiwa Athens, Papa John Paul wa Pili aliomba msamaha kwa dhambi za Wakatoliki dhidi ya Waorthodoksi, akiutaja uporaji huo kwa masikitiko.

MASHETANI YA UMASKINI

Warumi waliurudisha mji wao mwaka 1261, bali waliurudisha gofu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1343, vito vya taji viliwekwa rehani Venice kwa dukati 30,000, navyo havikukombolewa kamwe. Mwaka 1347, katika sherehe za kumtawaza kaizari, vito vilivyong'ara vilikuwa vipande vya vioo, na wageni walikula katika vyombo vya udongo. Ng'ambo ya Pembe ya Dhahabu, katika mtaa wa Galata, Wagenoa walikusanya ushuru wa sarafu 200,000 kwa mwaka. Constantinople yenyewe ilipata 30,000 kwa shida. Mji uliopata kuwa na watu wanaokadiriwa kufika nusu milioni sasa ulikuwa na 50,000 hivi, na ngano ililimwa ndani ya kuta zake.

Mwaka 1452 fundi mmoja Mhungaria, jina lake Orban, alikuwa Constantinople akitafuta kazi ya kusubu mizinga. Kaizari wa mwisho, Constantine wa Kumi na Moja, alimtaka sana, lakini hakuweza kumlipa ipasavyo, na hata posho ndogo aliyomwekea haikumfikia sawasawa. Fundi akaenda kwa Sultani Mehmed wa Pili, kijana mwenye miaka ishirini tu, naye akamlipa mara nne ya alichotazamia. Mzinga mkubwa alioutengeneza ulikokotwa na ng'ombe 60.

Mazingirwa yalianza tarehe 6 Aprili 1453. Kaizari alipohesabu watu wake wenye uwezo wa kushika silaha hawakufika 5,000, pamoja na wageni wapatao 2,000. Akayeyusha vyombo vya makanisa apate kuwalipa. Tarehe 22 Aprili Sultani alizipitisha merikebu zake nchi kavu, juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, akazishusha ndani ya Pembe ya Dhahabu. Alfajiri ya tarehe 29 Mei ukuta wa miaka elfu moja ulipitwa. Kaizari alionekana mara ya mwisho akipigana kwa miguu karibu na lango, na mwili wake haukutambuliwa kwa yakini.

Hagia Sophia liligeuzwa msikiti, likafanywa makumbusho katika miaka ya 1930, na tangu mwaka 2020 ni msikiti tena. Kuba lake lingali limesimama.

Ndugu msomaji, wahenga wetu walisema kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta. Warumi wa Mashariki walikuwa na ukuta tayari, tena bora kuliko yote ya zama zao, na waliuziba kila ufa uliotokea katika mawe yake. Ufa wao ulikuwa katika shamba lililouzwa kwa kibaba cha nafaka, katika sarafu iliyopungua dhahabu, na katika ujira wa fundi usiolipwa. Mizinga ilimaliza tu kazi iliyoanza siku nyingi, nayo watu wa sokoni waliiona mapema, walipomwita kaizari wao Kasorobo.